Mgao usiofika: Bajeti inavyokatwa kimyakimya, mzazi akabaki na bili

Jumatatu ya kufungua muhula, katika shule nyingi za upili za kutwa nchini Kenya, foleni ndefu huwa kwenye dirisha la mhasibu. Mzazi anafungua kibeti, anahesabu noti za mia mbili na za mia tano, anazipitisha dirishani. Mhasibu anaandika risiti, anafunua leja na kumwonyesha salio la deni. Limepungua kidogo tu. Mtoto amesimama kando, mkoba mgongoni, akisubiri kuambiwa aingie darasani au arudi nyumbani.

Kwenye risiti pesa hizo zimeandikwa kuwa za chakula cha mchana. Ni kweli, sehemu yake itanunua mahindi na maharagwe ya githeri. Zitakazosalia zitamlipa mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, ambaye hajaona mshahara tangu muhula uliopita, kisha stima, karatasi za kuchapishia mitihani na mlinzi wa langoni. Muuzaji wa kuni atangoja. Muhula uliopita pia alingoja.

Mzazi huyu, kwa mujibu wa sera ya serikali, hapaswi kulipa hata senti moja ya karo ya masomo. Shule za upili za kutwa zilitangazwa kuwa bila karo mwaka 2008. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Basi ni kwa nini foleni ya dirishani inazidi kurefuka mwaka baada ya mwaka?

Sh5,344 zilizopotea njiani

Tangu mwaka 2018, serikali imeahidi kumlipia kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma Sh22,244 kwa mwaka. Sekondari ya msingi ilipoanza, mwanafunzi wake alipangiwa Sh15,042. Wa shule ya msingi ana Sh1,420. Fedha hizi ndizo walimu wakuu huita mgao au kapitesheni, na ndizo zinazoendesha shule: vitabu na chaki, maji na umeme, ukarabati wa madarasa, michezo, na mishahara ya wafanyakazi wasio walimu.

Julai 24, 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi alifika mbele ya Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa na kusema kile ambacho walimu wakuu walikuwa wakikisema kwa miaka. Serikali haimudu Sh22,244. Kiasi ambacho bajeti inaweza kubeba, alisema, ni kama Sh16,900 kwa mwanafunzi.

Tofauti ni Sh5,344. Kwa mtu aliye Nairobi akisoma jedwali la bajeti, hiyo ni namba ndogo. Ipeleke kwenye shule ya kutwa yenye wanafunzi 400, inakuwa Sh2,137,600 kila mwaka. Ukimlipa mwalimu wa bodi Sh15,000 kwa mwezi, kiasi hicho kingewalipa walimu kumi na mmoja mwaka mzima na chenji ibaki.

Matamshi ya waziri yalizua kelele, na serikali ikaharakisha kuwahakikishia wazazi kwamba elimu ya bure haijafutwa. Waziri hakusema imefutwa. Kilichosemwa ni kwamba pesa zake hazitoshi, na swali la nani atajaza pengo hilo halikujibiwa na yeyote.

> Serikali haimudu Sh22,244 iliyoahidi. Inamudu kama Sh16,900. Pengo la Sh5,344 kwa kila mwanafunzi lina mwenyewe: mzazi.

Makato yaliyotangazwa kwa sauti

Ili kuelewa tulivyofika hapa, ni lazima turudi Juni 2024. Jumanne ya tarehe 25, wabunge 195 dhidi ya 106 walipitisha Mswada wa Fedha ambao ungekusanya takriban Sh346 bilioni za ushuru mpya. Siku hiyohiyo vijana waliokuwa wakiupinga waliingia kwenye majengo ya Bunge. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya siku hiyo na ya majuma yaliyofuata. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatatia saini.

Julai 5, Rais alitoa orodha ya kubana matumizi. Mashirika 47 ya serikali yenye majukumu yanayofanana yangevunjwa. Idadi ya washauri serikalini ingepunguzwa nusu. Bajeti za afisi ya Mama wa Taifa na ya mke wa Naibu Rais zingeondolewa, na fedha za matumizi ya siri pia. Ununuzi wa magari mapya ya serikali ungesimamishwa kwa mwaka mmoja, na safari zisizo za lazima zikome. Sehemu ya pengo lililoachwa na mswada huo ingezibwa kwa kupunguza bajeti, na sehemu nyingine kwa kukopa.

Orodha hiyo ilipokelewa vizuri, na ilistahili. Hayo ndiyo vijana waliyokuwa wakiyadai barabarani: punguzeni anasa kabla ya kutugusa mifukoni.

Lakini tazama kilichofuata. Mashirika yenye wakurugenzi, bodi, magari na mawakili hayavunjwi kwa hotuba. Januari 2025 Baraza la Mawaziri lilikuwa bado linaidhinisha mpango: mashirika 42 yaunganishwe kuwa 20, na mengine yafutwe, majukumu yake yarudi wizarani. Kuunganisha mashirika kunataka sheria zirekebishwe, wafanyakazi wahamishwe na madeni yarithiwe. Ni kazi ya miaka.

Kwingineko makato yalishika mara moja. Bajeti ya nyongeza iliyopitishwa wiki chache baada ya hotuba ile ilichukua sehemu kubwa ya fedha kutoka miradi ya maendeleo: barabara zilizokuwa nusu, maji yaliyokuwa yakivutwa, madarasa yaliyokuwa yamefika kwenye linta. Kaunti zilizokuwa zimetengewa Sh400.1 bilioni zikaambiwa zitapata Sh380 bilioni, na baada ya mvutano mrefu kati ya Seneti na Bunge la Taifa, zikatulia kwenye Sh387.4 bilioni. Huko kwenye kaunti ndiko hospitali na zahanati zilikogatuliwa.

Bodi ya shirika inajua kujitetea. Zahanati haina wakili.

Kukata bila kupiga kura

Hayo yote, hata hivyo, yalifanyika mchana kweupe. Bunge lilijadili, magazeti yaliandika, raia aliyetaka kujua alijua. Kuna makato ya aina nyingine ambayo kwa maoni yangu ni mabaya zaidi, kwa sababu hayapiti Bungeni wala hayatangazwi. Wabunge wanapitisha kiasi fulani, Hazina ya Kitaifa inatuma pungufu, au inachelewa hadi mwaka wa fedha unaisha. Hakuna kura iliyopigwa. Hakuna waziri aliyesimama kueleza. Mwalimu mkuu anafungua taarifa ya benki na kukuta kilichoingia si kile alichopangia.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mgao wa mwaka hugawanywa mara tatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, asilimia 20 wa tatu. Kwa ahadi ya Sh22,244, mwanafunzi mmoja angeiletea shule yake Sh11,122 Januari, muhula mzito kuliko yote. Fedha zikija Machi badala ya Januari, au zikija nusu, shule inakopa. Inamkopa muuzaji wa mahindi. Inamkopa mwalimu wa bodi kwa kutomlipa. Inamkopa mfanyabiashara wa vitabu mjini, ambaye mwaka unaofuata anapandisha bei kwa sababu anajua atacheleweshwa.

Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, uliweka namba kwenye jambo hili. Katika miaka minne ya fedha, kuanzia 2020/21 hadi 2023/24, shule za umma zilipata pungufu ya takriban Sh117 bilioni ikilinganishwa na zilichostahili. Sehemu kubwa zaidi ya upungufu huo ilikuwa ya shule za upili.

Angalia tarehe hizo. Upungufu huo karibu wote ulitokea kabla ya Mswada wa Fedha wa 2024 kukataliwa. Wanaosema kwamba shule zinateseka kwa sababu vijana waliukataa ushuru mpya hawana budi kuusoma ukaguzi huo tena. Kukataliwa kwa mswada kulibana hali iliyokuwa imebanika tayari.

> Katika miaka minne, shule zilinyimwa takriban Sh117 bilioni. Hakuna siku hata moja Bunge lilipigia kura kunyimwa huko.

Hoja ya Hazina

Ni haki kuusikiliza upande wa pili, maana una uzito wake.

Deni la taifa limepita Sh11 trilioni. Katiba yenyewe inalipa kipaumbele: malipo ya deni la umma hutolewa moja kwa moja kutoka Mfuko wa Jumla, na waziri hawezi kuamka siku moja akasema mwezi huu watudai wangoje ili shule zilipwe. Februari 2024, ili kulipa mkopo wa dola bilioni 2 uliokuwa ukikaribia kufika muda wake, Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa gharama inayozidi asilimia 10 kwa mwaka. Mkopo wa namna hiyo unakula pesa za kesho.

Tena, Hazina inakumbusha, elimu ndiyo sekta inayopata fungu kubwa. Katika bajeti ya 2025/26 ilitengewa karibu Sh702 bilioni. Humo, zaidi ya Sh387 bilioni zilikwenda kwa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ambazo nyingi ni mishahara. Mishahara haiwezi kupunguzwa bila vita na vyama vya walimu, wala haipaswi kupunguzwa. Deni haliguswi, mishahara haiguswi. Kinachobaki cha kukatwa ni chaki.

Hapo ndipo siasa ya bajeti inapojionyesha. Inakatwa kwa yule asiyeweza kugoma. Mwalimu ana chama, daktari ana chama, mhadhiri ana chama. Mtoto wa shule hana.

Na hata wenye vyama hulipwa tu baada ya umma kuumia. Madaktari waligoma siku 56 mwaka 2024, kati ya Machi na Mei. Madaktari wanagenzi, ambao mkataba wa 2017 uliwapa takriban Sh206,000 kwa mwezi, waliambiwa wachukue Sh70,000. Ilibidi wasubiri hadi Desemba ndipo kiasi cha awali kirudishwe. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waliweka chini chaki kwa siku 49 mwaka 2025 wakidai Sh7.9 bilioni za mkataba wa 2017 hadi 2021. Pesa zililipwa au zikaahidiwa mwishowe. Kilichookolewa kwa kuchelewesha ni nini, ukihesabu wagonjwa waliorudishwa nyumbani na mihula iliyovurugika?

Wanafunzi hewa

Kuna hoja nyingine ya serikali ambayo siwezi kuipuuza. Sehemu ya mgao imekuwa ikiibwa. Ukaguzi wa Gathungu ulipata fedha zilizotumwa kwa shule ambazo hazipo, na idadi za wanafunzi zisizolingana na waliomo madarasani. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu iliagiza shule zote zihakiki upya idadi ya wanafunzi wao.

Uhakiki huo ulihitajika, na wezi washtakiwe. Mwalimu mkuu aliyeandikisha majina ya watoto hewa amemwibia mtoto wa shule jirani. Hata hivyo, zoezi hilo lilipofanyika, shule zenye hesabu safi nazo zilingojeshwa fedha hadi orodha zikamilike. Yaani mwenye kosa na asiye na kosa waliadhibiwa pamoja, tena katika muhula wa tatu, msimu wa mitihani ya kitaifa.

Mitihani yenyewe iliponea chupuchupu. Makadirio ya bajeti ya 2025/26 yalipofika Bungeni, hayakuwa na fedha za kusimamia mitihani ya kitaifa. Wabunge ndio waliozirudisha, Sh5.9 bilioni. Kama wasingezirudisha, gharama hizo zingeshuka kwa mzazi yuleyule wa dirishani.

Tulishapita njia hii

Kenya si mgeni wa jambo hili, na ndiyo maana linauma zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani, IMF, serikali ilianza sera ya kugawana gharama. Ripoti ya Kamunge ya 1988 iliiingiza elimuni. Desemba 1989 ikaingia hospitalini, mgonjwa akatakiwa alipe kabla ya kuonwa.

Watafiti walikuwa wakifuatilia mahudhurio katika kliniki moja ya rufaa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1992, yanasikitisha hadi leo. Katika miezi ya malipo, wanaume waliohudhuria walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Hawakuwa wamepona. Walikosa pesa. Hiyo ilikuwa miaka ambayo virusi vya Ukimwi vilikuwa vikienea, na ugonjwa wa zinaa usiotibiwa huvifungulia njia. Ada ilisitishwa Septemba 1990, chini ya mwaka mmoja baada ya kuanzishwa, kisha ikarudishwa baadaye.

Shuleni funzo lilikuwa lilelile, kwa upande wa pili. Karo ya shule za msingi ilipoondolewa Januari 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka huo mmoja. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na miaka 84, akajiandikisha darasa la kwanza mjini Eldoret. Watoto zaidi ya milioni moja walikuwa nje kwa sababu ya karo. Walikuwa wakingoja mlango ufunguliwe.

Kwa hiyo tunajua, kwa ushahidi wetu wenyewe wa nyumbani, nini hutokea bei inaporudi. Maskini hawabishani na mhasibu. Wanaacha kuja.

Anayeumia kuliko wote

Mzigo huu hauangukii shule zote sawasawa. Shule ya kitaifa ya bweni inaruhusiwa kumtoza mzazi hadi Sh53,554 kwa mwaka. Mgao wa serikali ukichelewa, mwalimu mkuu wake ana karo hiyo ya kuegemea: anahamisha huku, anaziba kule, maisha yanaenda.

Shule ya kutwa haina kitu hicho. Ina mgao na pesa za githeri. Na ni ipi inayosomesha watoto wa vibarua wa mashamba ya majani chai, wa wachuuzi wa soko, wa wavuvi wa Ziwa Victoria? Ni hiyo ya kutwa. Tangu sera ya kuwapeleka wanafunzi wote sekondari ianze mwaka 2018, ndiyo iliyopokea idadi kubwa ya walioitwa na kukosa uwezo wa kwenda bweni. Kila shilingi inayokatwa kwenye mgao inakatwa kwanza kwa watoto hawa.

Ipo basari ya mfuko wa maeneo bunge, NG-CDF, ipo ya kaunti. Nazo huchelewa, kwa sababu zinategemea Hazina ileile. Mzazi mwenye kumjua mjumbe wa kamati hupata; asiyemjua hurudi na fomu mkononi.

> Shule ya bweni ina karo ya kuegemea mgao ukichelewa. Shule ya kutwa ina pesa za githeri.

Yanayowezekana sasa hivi

Sidai kwamba Hazina inaficha mabilioni mahali fulani. Pesa ni chache kweli. Ninachodai ni kwamba uchache huo ugawanywe hadharani, na anayekata aseme amekata.

Kama serikali inamudu Sh16,900, basi ilete namba hiyo Bungeni, itetee, na wabunge waipigie kura wakijua watawajibu nini wapiga kura wao. Wakiona haitoshi, waseme ni fungu gani la anasa litapunguzwa ili zipatikane Sh5,344 zilizobaki. Kuendelea kuandika Sh22,244 kwenye waraka na kutuma pungufu kunamfanya mwalimu mkuu aonekane mwizi mbele ya wazazi, na kunamfanya mzazi aamini kwamba anadanganywa na shule.

Pili, Hazina na Wizara ya Elimu zichapishe kila muhula, shule kwa shule, kiasi kilichotumwa na tarehe kilipotumwa. Takwimu hizo tayari wanazo. Bila hizo wasingeweza kutuma fedha. Zikibandikwa wazi, mwanafunzi hewa ataonekana na majirani kabla ya kuonekana na mkaguzi, na ucheleweshaji hautakuwa siri ya mwalimu mkuu na benki yake.

Tatu ni la wazazi. Katika mkutano ujao wa wazazi, kabla ya kukubali nyongeza yoyote ya pesa za chakula, ulizeni mambo mawili: serikali imetuma shilingi ngapi muhula huu, na zilifika lini? Kisha mpelekeeni mbunge wenu namba hizo. Ndiye anayepitisha bajeti kila Juni, na Juni ijayo ataombwa kura yake tena.